Mabati ya Nyumba Namba Thelathini na Saba

Paa lilikuwa lile lile la zamani. Kuliona hilo hakukuhitaji mpelelezi.

Inspekta alisimama uani, kiganja kimekinga jua, akayafuata mabati kwa macho kutoka ukingo hadi ukingo. Yalikuwa mekundu kwa kutu, mengine yamejikunja pembeni kama kurasa za daftari lililoshikwashikwa. Bati jipya halikuwepo hata la dawa. Akafungua faili kwa mara ya tatu asubuhi hiyo, kana kwamba maneno yangeweza kubadilika yakiwa njiani.

Hayakubadilika. Serikali ilikuwa na mpango wa kukarabati nyumba za watu wa kijijini wasio na uwezo, nyumba hamsini na nane kwa awamu hii. Kila mwenye nyumba aliletewa vifaa, na kila nyumba ikapewa fundi wake. Nyumba namba thelathini na saba, mali ya bibi mjane, ilipelekewa mabati ishirini na manne, mbao za kubeba paa, na misumari. Vifaa vimepokelewa. Kazi imekamilika. Mhuri, sahihi, tarehe.

"Basi wizi tumeshaupata," alisema Koplo, dereva wake, akiwa ameegemea gari huku akijipepea kwa kofia. "Tumkamate nani, afande, tuwahi chakula?"

"Tumepata paa," Inspekta akamjibu. "Wizi bado."

Kituoni walimwita Sindano. Hakuwahi kumpigia mtu kelele wala kugonga meza. Alichoma polepole, na mtu alishtukia ameshasema. Alikuwa mwanamke mwenye miaka kumi na tisa kazini, yote akiyafuatilia majizi ya mali ya umma, na alishaona kila aina: wanaolia, wanaoapa, wanaozimia makusudi. Yaliyomfikisha hapa leo yalikuwa maneno machache tu ya barua isiyo na jina, iliyotumbukizwa kwenye sanduku la maoni la ofisi ya mpango:

*Mabati ishirini na manne ya nyumba namba 37 hayapo juu ya nyumba. Fundi ameyaondoa. Njooni muone wenyewe kabla mvua hazijaanza. Atakayekuja awe na macho.*

Karatasi ilikuwa ya kaki, imechanwa kutoka mfuko wa saruji. Vumbi la kijivu bado lilishika vidoleni. Maandishi yalikuwa ya penseli nene, na mistari ilinyooka sawasawa ingawa karatasi haikuwa na mistari. Sindano aliikunja akaitia mfukoni. Kitu kimoja kilimkera tangu alipoisoma ofisini: anayemchongea mwizi hutaka mwizi akamatwe. Huyu alikuwa anaiwazia mvua.

Bibi mwenye nyumba alikuwa barazani, anashona kifungo kwenye koti la zamani la mwanaume. Alikuwa mwembamba, kilemba kimefungwa barabara, na miwani yake ilishikiliwa upande mmoja kwa uzi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kunikamata au kunisalimia?"

"Kukusalimia kwanza."

"Basi kaa. Hata wakamataji hupumzika."

Sindano akakaa kwenye kigoda. Koplo akabaki amesimama, akapewa kikombe cha maji bila kuomba.

"Bibi, mabati mapya yaliletwa hapa?"

"Yaliletwa. Yaling'aa mpaka kuku wangu wakakimbilia kwa jirani."

"Ukayapokea?"

"Nikatia sahihi. Jina zima, siyo dole gumba. Nimesoma mimi, darasa la nne nilimaliza."

"Yako wapi sasa?"

Bibi akauma uzi kwa meno ya pembeni, akalitazama koti. "Nyumba yangu haivuji."

"Sijauliza kama inavuja."

"Ndicho ulichotakiwa kuuliza."

"Bibi, mabati ni mali ya serikali. Kama kuna mtu alikutisha, au alikudanganya..."

"Mimi nilivyo, nani wa kunitisha? Mume wangu mwenyewe alishindwa, Mungu amrehemu." Akaweka sindano yake juu ya goti. "Sikiliza, mama. Mimi niliomba nyumba. Mabati waliyaongeza wao."

Koplo akakohoa kuficha kicheko. Sindano hakucheka. Aliomba ruhusa ya kuingia ndani, akapewa.

Vilikuwa vyumba viwili na ukumbi. Aliinua uso kwanza, kama mtu yeyote ambaye angekuwa ametumwa kutafuta mabati. Kila tundu la msumari wa zamani lilikuwa limezibwa kwa tone la lami, na pale mabati yalipopandana palipakwa mstari mweusi, mwembamba na safi, bila tone lililopotea. Mamia ya matone, na kila moja limewekwa na mtu asiye na haraka. Sakafu ilikuwa kavu. Harufu ya unyevu, ile ya nyumba zote alizopita wiki hiyo, haikuwepo.

Katika chumba cha kulala, kwenye ukuta wa nyuma, kulikuwa na ufa wa zamani uliozibwa. Juu ya ufa, kwa kukata mshazari, kilibandikwa kipande chembamba cha kioo, ncha zake mbili zimeshikwa kwa saruji. Pembeni mtu alikuwa amekwaruza tarehe ya wiki sita nyuma.

"Bibi, hiki kioo ni cha nini?"

"Usikiguse!" Bibi alikuwa mlangoni tayari, kumbe alikuwa na miguu myepesi. "Fundi amesema kikivunjika nisiulize swali, nitoke mbio."

"Fundi gani?"

Bibi akafunga mdomo, na mdomo ulivyofungwa ilionekana ungekaa hivyo mpaka jioni. Lakini jina lilikuwa kwenye faili. Fundi mwashi wa nyumba namba thelathini na saba alikuwa mwanamke ambaye kijiji kizima kilimwita Timazi, kwa sababu hakutembea bila ile kamba yake yenye kizito cha chuma mwishoni, ya kupimia kama ukuta umesimama wima.

Karatasi ya mfuko wa saruji iliwapeleka kwanza kwenye duka pekee la vifaa vya ujenzi, barabarani. Mwenye duka aliitwa Kilo, na haikuwa kwa sababu ya mizani tu; alipoinuka kwenye kiti, kiti kilishusha pumzi. Sindano alikuwa amejipangia shaka lake njiani: mfanyabiashara ananunua mabati ya serikali kwa mlango wa nyuma, anagombana na mshirika wake, mshirika anaandika barua. Alishaliona mara nyingi.

Hakulazimika hata kuchoma. Kilo alipoona sare alichukua funguo ukutani.

"Njooni huku nyuma. Nimechoka kuyalinda."

Mabati ishirini na manne yalikuwa ghalani, yamefungwa kwa waya pamoja na mbao na misumari yake, alama ya buluu ya serikali ikiwatazama usoni. Koplo aliyahesabu. Halikukosekana hata moja, wala halikuwa na tundu la msumari.

"Mali ya serikali ghalani kwako," alisema Sindano.

"Nilibadilishana na fundi, Inspekta. Yeye alichukua saruji mifuko kumi na minane, lori mbili za mawe, na debe la lami. Karatasi hii hapa, na jina lake."

Karatasi ilikuwa na jina kamili la fundi, sahihi, na namba ya nyumba. Sindano aliisoma mara mbili. Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kukutana na mwizi aliyeandika risiti.

"Na mbona hujayauza? Mvua zinakuja, watu wanayataka."

Kilo alijifuta shingo kwa kitambaa. "Alinikataza. Alisema, 'Yafunge, usiuze hata moja mpaka watu wa serikali waje kuyaona.' Nikamwambia, mama, mimi ni mfanyabiashara, siyo bohari yako. Akanitazama tu. Umewahi kutazamwa na yule? Unahisi amekupima akakuona umepinda."

"Alijua tutakuja?"

"Alisema mtakuja. Alisema mtachelewa, lakini mtakuja."

Nje, Koplo alikuwa na jibu lake tayari. "Afande, hii imekwisha. Mifuko kumi na minane, lori mbili za mawe. Anajijengea. Twende kwake tutakuta ukumbi unateleza kama wa benki."

"Twende tukaone," alisema Sindano, kwa sababu na yeye ndivyo alivyowaza.

Nyumba ya Fundi Timazi ilikuwa mwisho wa kijiji, mlango umefungwa kwa kipande cha waya. Mwenyewe hakuwepo. Walizunguka. Kuta zilikuwa za tofali tupu, hazijapigwa plasta. Kupitia dirisha lisilo na kioo waliona sakafu ya udongo iliyofagiliwa, kitanda kimoja, na ndoo iliyotegwa katikati ya chumba chini ya paa linalovuja. Kwenye kona, mwiko na pima maji vilikuwa vimeoshwa na kupangwa juu ya gunia. Mfuko wa saruji haukuwepo, hata mtupu.

Koplo akavua kofia, akaivaa tena. "Mwashi anayelala kwenye udongo."

Sindano alikuwa anaiangalia ile ndoo. Kisha akageuka ghafla. "Turudi kwa Bibi."

"Tumesahau nini?"

"Tumesahau kutazama chini. Faili lilisema paa, na sisi tukainua vichwa kama kuku wanaokunywa maji."

Safari hii hawakupita barazani. Sindano alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, upande ambao mteremko wa kilima unaleta maji, akachuchumaa. Na hapo akaiona kazi yenyewe.

Kutoka ardhini hadi usawa wa goti, chini ya ukuta wa zamani, kulikuwa na ukuta mwingine. Ulikuwa wa mawe yaliyochongwa yakashikana kama meno, na saruji katikati yake imekandamizwa na kulainishwa. Ukuta wa juu, wa tofali za udongo za miaka arobaini, ulikaa juu yake bila kuyumba. Alipitisha kidole kwenye maungio. Rangi ya saruji haikuwa moja. Kipande cha kwanza, cha urefu wa mkono mmoja, kilikuwa cheupe, kimekauka kabisa. Kilichofuata kilikuwa cha kijivu. Cha tatu kilifanana na cha kwanza. Cha nne kilifanana na cha pili.

Akahesabu upande wote, kisha akakaa chini, sare na yote.

"Koplo, njoo utazame. Hakuuvunja huu ukuta. Alichimba chini yake kipande kwa kipande. Alichimba hapa, akaruka, akachimba pale, akaruka. Vilipokauka, akarudi kwenye vile alivyoviruka. Nyumba ilikuwa imesimama muda wote, na Bibi yumo ndani."

Koplo aliinama, akauangalia ukuta, akaangalia na paa juu yake. "Na yeye mwenyewe alikuwa wapi wakati anachimba?"

"Chini yake. Kwa tumbo."

"Siku ishirini na tatu," ilisema sauti nyuma yao. "Mgongo bado haujanisamehe."

Walipogeuka walimkuta mwanamke wa makamo, mfupi, mabega mapana, kaptura ya kazi chini ya gauni lililofungwa kiunoni, na ile kamba yenye kizito ikining'inia mkononi. Nyuma yake, Bibi alikuwa amesimama na koti lake, kama shahidi ambaye hajaitwa lakini amekuja.

"Wewe ndiye Fundi Timazi," alisema Sindano.

"Ndiye mimi. Nilidhani mtafika juzi."

"Uliyatoa mabati ya serikali kwa Kilo."

"Niliyatoa."

"Bila ruhusa ya ofisi."

"Bila."

"Kwa nini?"

Fundi aliinua kamba yake, akaishika juu karibu na ukuta wa nyumba, kizito kikayumba kidogo kikatulia. Kamba na ukuta vilikwenda sambamba kama mapacha. "Siku nilipofika na yale mabati, hii kamba ilikuwa mbali na ukuta vidole vinne; nimeurudisha kwa kabari, kidogo kidogo. Maji ya kilima yalikuwa yamekula msingi wote upande huu. Ningepanda juu nikaweka mbao mpya, zile nzito za ofisi, na mabati mapya, nyumba ingependeza sana. Tungepiga picha. Mvua ya kwanza ingemzika Bibi chini ya paa zuri."

"Ofisi hukuiambia?"

"Fomu ya ofisi ina sehemu tatu. Paa, mlango, dirisha. Msingi haupo. Niliandika barua, nikaandika nyingine, nikaandika ya tatu. Nilijibiwa moja. 'Fundi azingatie fomu.'"

"Ndipo ukabadilisha vifaa."

"Nikamuuliza mwenye nyumba kwanza. Mabati ni yake."

"Nikamwambia abadilishe," Bibi akadakia. "Kama ni kukamatana, sahihi ni yangu. Darasa la nne."

Sindano alitoa mfukoni ile karatasi ya kaki, akaikunjua taratibu. Aliitazama mistari yake iliyonyooka, penseli nene na bapa, ya kuchorea tofali na mbao, kisha akamtazama fundi. Kumbukumbu za kesi zake zote zilimpita kichwani, na hakuna hata moja iliyofanana na hii.

"Hii barua umeiandika wewe."

"Mimi."

"Umejishtaki mwenyewe."

"Niliandika ukuta, hakuja mtu," alisema Fundi Timazi. "Nikaandika bati, mmekuja wawili na gari."

Koplo alianza kucheka, akaona hakuna anayecheka, akaacha.

"Ulijua unaweza kufungwa," alisema Sindano.

"Nilijua. Niliwaza, nikifungwa, angalau hakimu atauliza mabati yalikwenda wapi, na mtu atalazimika kuja kuutazama huu ukuta. Mpango ni mzuri, Inspekta. Nimeona watu wakilia kwa furaha kwa mlango tu. Lakini kilima hiki kinateremkia nyumba zote za upande huu, kuanzia hapa kwenda chini. Ishirini na moja zimebaki kwenye orodha, na zote zimeandikiwa paa." Akakiviringisha kile kizito mkononi. "Kioo cha Bibi kina wiki sita. Ukuta ukisogea hata unywele, kioo hukatika. Hakijakatika. Cha nyumba ya thelathini na nane nilikibandika Jumapili. Leo asubuhi nimekikuta vipande viwili."

"Na nyumba ya thelathini na nane wanaanza lini?"

"Wameshaanza. Wako juu sasa hivi."

Sindano alikuwa tayari anakimbia kuelekea garini.

Nyumba namba thelathini na nane ilikuwa ya tarishi mstaafu na mkewe. Mabati ya zamani yalikuwa yameshashushwa na kutupwa uani. Mafundi wawili wa ofisi walikuwa juu ya ukuta, wamekaa kama wapanda farasi, wanavuta boriti ya kwanza kwa kamba. Tarishi alikuwa chini anawaelekeza kwa fimbo, amevaa shati lake la heshima kwa ajili ya siku hiyo.

"Shukeni!" alisema Sindano.

"Kwa amri ya nani?" aliuliza mmoja wa waliokuwa juu.

Hapo Sindano aligundua kwamba hana amri. Hakuwa mhandisi. Hakuwa mtu wa ofisi ya mpango. Hakuna sheria iliyompa mpelelezi uwezo wa kuzuia nyumba isiezekwe. Alilitazama rundo la mabati mapya uani, alama ya buluu juu ya kila moja, akapumua.

"Haya mabati ni vielelezo vya kesi ya wizi wa mali ya umma. Na mbao. Na misumari. Hakuna anayegusa mpaka niyaorodheshe."

Koplo akamsogelea sikioni. "Afande, ya kesi ni yale ya kwa Kilo."

"Ni ya shehena moja. Lete daftari. Na andika polepole, moja moja."

Mafundi wakatazamana, wakashusha boriti, wakashuka. Kesi ya polisi hakuna anayeitaka. Lakini tarishi alikuja mbio, fimbo juu.

"Mama, unafanya nini? Miaka thelathini na moja nimetembea kwa miguu kuwapelekea watu habari zao njema! Ya kwangu imefika leo, na wewe unanichania mkononi?"

"Mzee, nyumba yako si salama."

"Itakuwaje salama bila paa?" Sauti yake ilikatika. "Mvua ziko juu ya kilima pale. Unaziona? Utanilaza wapi na mke wangu?"

Fundi Timazi hakuingilia. Alikwenda nyuma ya nyumba, akang'oa majani yaliyojificha chini ya ukuta, akaonyesha kwa kidole. Kulikuwa na tundu, dogo kama mdomo wa chungu.

Sindano akavua saa. Akalala kifudifudi kwenye tope, akaingiza mkono. Ulipita kiganja, ukapita kiwiko. Aliendelea mpaka shavu lake likagusa tofali na bega likazuia. Ndani, vidole vyake vilitembea kwenye uwazi baridi, vikitafuta jiwe, vikakuta maji.

Aliutoa mkono. Alisogea pembeni tu, akampisha mzee.

Tarishi mstaafu alilitazama lile tundu. Kisha akaweka fimbo chini, akafungua kifungo cha shati lake la heshima, akakunja mkono wa shati vizuri mpaka juu, akapiga magoti. Mkono wake mrefu wa mtu aliyezoea kufikia visanduku vya barua ulizama wote. Walimwona anapapasa. Walimwona anaacha kupapasa.

Akainuka, tope linamtiririka mpaka kiunoni.

"Mama," akamwita mkewe, kwa sauti ya chini kabisa. "Toa kitanda."

"Kitanda kipi, baba?"

"Chetu. Kiko upande huu."

Koplo aliacha kuorodhesha, akaenda kukishika upande wa miguu. Wale mafundi wawili wa ofisi, ambao hakuna aliyewaambia, walichukua zile mbao za paa na kumfuata Fundi Timazi, na yeye akawaonyesha mahali pa kuzisimamisha ili zikingie ukuta: mguu wa ubao hapa, siyo pale, kabari chini, gonga kidogo, basi. Hakupaza sauti hata mara moja. Wanaume wazima walimtii kama wauguzi wanavyomtii daktari mkuu.

Simu ya Sindano iliita akiwa bado anajifuta tope. Mkuu wake.

"Mwizi umempata?"

"Mabati nimeyapata, afande. Yote. Wizi sijauona."

"Usinichezee. Ofisi ya mpango wamenipigia, wanasema umesimamisha kazi ya serikali. Huyo fundi aliuza au hakuuza?"

"Alibadilisha kwa mawe na saruji, kwa idhini ya mwenye mali, na vyote viko chini ya nyumba ya mwenye mali. Hakujinufaisha hata kwa msumari. Kwake kunavuja."

"Hilo aliamue hakimu. Mlete kituoni leo hii."

Sindano aliwatazama wale wazee wawili waliokuwa wamekaa juu ya kitanda chao uani, katikati ya vyungu na masanduku yao, wanaangalia ukuta. Mke wa tarishi alikuwa anamfuta mumewe tope mkononi kwa ncha ya khanga.

"Sitamleta, afande. Naandika taarifa kwamba hakuna jinai. Na ninaandika ombi kwamba nyumba ishirini na moja zisiguswe juu mpaka zipimwe chini, na apime yeye."

"Unajua unachokitia sahihi? Ukuta mmoja ukiwa mzima, wewe ndiye utakayejibu. Siyo yeye. Wewe, na miaka yako kumi na tisa."

"Najua."

"Umeambiwa na nani kwamba kuta ni mbovu? Na huyo huyo mtuhumiwa?"

"Nimeingiza mkono mwenyewe, afande. Mpaka begani."

Mkuu alishusha pumzi ndefu. Kisha akasema kwamba ataisubiri hiyo taarifa kesho saa mbili kamili, yenye picha, na kwamba kama haina picha asiilete. Akakata.

Sindano aliandika juu ya boneti ya gari, kurasa mbili, bila kufuta neno. Koplo alipiga picha za tundu, za kioo kilichokatika, na za mkono wa tarishi pia, ili wakubwa waone tope lilipoishia. Wingu lilikuwa limeshuka nusu ya kilima. Kutoka barabarani lilisikika gari la Kilo likipanda, limesheheni mawe. Alikuwa amesikia, na alikuwa anakuja kudai kwamba haya ni mkopo tu, siyo zawadi, mtu asije akamzoea.

Fundi Timazi hakumngoja ashushe yote. Alishalala chini, nusu ya mwili wake imeingia chini ya ukuta, na kilichobaki nje kilikuwa miguu miwili na mkono mmoja uliofunguka.

"Jiwe," ilisema sauti yake kutoka ndani.

Mafundi walikuwa bado kwenye lori. Inspekta akaweka kalamu chini, akainama, akachagua moja lililo bapa, akampa.